Wakati, nafasi na umbali katika fizikia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanaanzia kwenye hesabu za darasani na kuishia kwenye upana wa ulimwengu. Kuna jambo moja linalopita katikati ya yote: katika fizikia ya leo umbali hupimwa kwa saa. Ukilishika hilo mapema, mengi yanayotatiza watu hapa chini yatakaa sawa. Weka kikokotoo karibu, kwa sababu karibu kila namba iliyomo humu unaweza kuihakiki mwenyewe.

Umbali, muda na kasi vinahusiana vipi katika hesabu ya kawaida?

Kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda. Ukiwa na viwili, cha tatu unakipata: umbali ni kasi mara muda, na muda ni umbali gawanya kwa kasi.

Wanaokosea hapa hukosea zaidi kwenye vizio. Kubadili kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6, kwa hiyo 90 km/saa ni 25 m/s. Saa moja na dakika 30 ni saa 1.5, wala si 1.30. Pia tofautisha urefu wa njia na umbali wa moja kwa moja. Mkimbiaji aliyemaliza mzunguko mmoja wa uwanja wa mita 400 amekimbia mita 400, lakini umbali kati ya alipoanzia na alipoishia ni sifuri. Swali likiuliza kasi tu, tumia urefu wa njia. Likiuliza kasi yenye mwelekeo, tumia umbali wa moja kwa moja na utaje mwelekeo wake.

Nimekwenda kwa 60 km/saa nikarudi kwa 30 km/saa. Kwa nini wastani si 45?

Kwa sababu hukutumia muda sawa katika kasi zote mbili. Tuseme njia ni kilomita 60. Kwenda ni saa 1, kurudi ni saa 2. Jumla ni kilomita 120 kwa saa 3, yaani 40 km/saa. Wastani wa kasi ni jumla ya umbali gawanya kwa jumla ya muda, daima. Kujumlisha kasi mbili na kugawanya kwa mbili kunafaa pale tu muda uliotumika katika kila kasi unapolingana.

Mita na sekunde zenyewe zinatoka wapi?

Sekunde ilitangulia. Tangu mwaka 1967, sekunde ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho unaotolewa na atomu ya seziamu-133 inapobadilika kati ya viwango viwili maalumu vya nishati. Atomu ya seziamu haichakai, na zote zinafanana popote zilipo, ndiyo maana ikachaguliwa badala ya mzunguko wa Dunia, ambao hauko imara.

Mita imejengwa juu ya sekunde hiyo. Zamani ilikuwa urefu kati ya alama mbili kwenye fimbo ya platini na iridiamu iliyotunzwa Ufaransa. Mwaka 1983 ikafafanuliwa upya: mita ni umbali unaosafiriwa na nuru katika ombwe (nafasi tupu, isiyo hata na hewa) kwa sehemu 1/299,792,458 ya sekunde. Kwa maneno mengine, bila saa hakuna mita.

Basi kasi ya nuru haipimwi tena?

Haipimwi kwa maana ya kutafuta namba mpya. Katika ombwe ni 299,792,458 m/s kamili, kwa ufafanuzi. Mtu akifanya leo jaribio lililokuwa likiitwa kupima kasi ya nuru, kinachopatikana ni usahihi wa fimbo yake au wa saa yake.

Kabla ya hapo ilipimwa kwa karne tatu. Mwaka 1676 Ole Rømer aliona kwamba kupatwa kwa Io, mwezi wa sayari ya Mshtarii, kulichelewa kadiri Dunia ilivyokuwa mbali na Mshtarii na kuliwahi ilipokaribia. Akahitimisha kwamba nuru huchukua muda kufika. Alikadiria dakika 22 kuvuka kipenyo cha njia ya Dunia kuzunguka Jua. Hesabu ya leo ni takriban dakika 16 na sekunde 38. Namba yake haikuwa sahihi, ila wazo lake lilikuwa sahihi kabisa.

Mwakanuru ni muda au ni umbali?

Ni umbali: ule ambao nuru husafiri katika ombwe kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.46. Kwa mtindo huohuo, sekunde-nuru ni karibu km 300,000, na nanosekunde-nuru (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) ni karibu sentimita 30, urefu wa rula ya shule. Mwezi uko sekunde-nuru 1.28 kutoka kwetu, Jua dakika 8 na sekunde 19, na Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi baada ya Jua, miakanuru 4.24.

Ni kweli kwamba ukitazama mbali unaona zamani?

Kweli, bila fumbo lolote. Nuru inayoingia jichoni kutoka galaksi ya Andromeda iliondoka huko takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Hata ukurasa huu unauona ulivyokuwa nanosekunde moja au mbili zilizopita.

Umbali hupimwaje kwa saa, hatua kwa hatua?

Tuma mpigo mfupi wa leza au rada, anzisha saa, subiri mpigo urudi, simamisha saa. Zidisha muda kwa kasi ya nuru, kisha gawanya kwa mbili kwa sababu mpigo ulikwenda na kurudi. Kusahau kugawanya kwa mbili ni kosa la kila siku.

Mfano bora ni Mwezi. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo vya kurudishia nuru mwaka 1969, na leza zinazopigwa kutoka duniani hurudi baada ya sekunde 2.5 hivi. Kwa njia hii tunajua kwamba Mwezi unatuacha kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Ili kunasa badiliko la sentimita moja, saa yako lazima itofautishe muda wa nanosekunde 0.07 kwenda na kurudi. Usahihi wa umbali hauwezi kupita usahihi wa saa.

Ukipima hewani, usitumie kasi ya ombwe moja kwa moja. Hewa ya kawaida hupunguza mwendo wa nuru kwa karibu sehemu 3 kati ya 10,000, na katika kilomita moja hilo ni kosa la sentimita 30 hivi. Vifaa vya wapima ardhi huombwa halijoto na shinikizo la hewa kwa sababu hiyo. Anayeacha thamani zilizowekwa kiwandani hupata vipimo vinavyorudiarudia vizuri huku vyote vikiwa vimepotoka kwa kiasi kilekile. Katika nyuzi za kioo za mawasiliano nuru hupungua zaidi, hadi karibu km 200,000 kwa sekunde, yaani mikrosekunde 5 (sehemu 5 za milioni za sekunde) kwa kila kilomita.

Nafasi-wakati ni nini hasa?

Hili ndilo swali kubwa, na linajibika vizuri zaidi kwa namba kuliko kwa picha.

Tukio katika fizikia ni mahali pamoja na saa: hapa, sasa hivi. Chukua matukio mawili: chombo kinaondoka duniani, na chombo hichohicho kinafika kwenye nyota iliyo umbali wa miakanuru 4. Kwa saa za Dunia, safari imechukua miaka 5, kwa hiyo kasi ni 0.8 ya kasi ya nuru.

Sasa piga hesabu hii: muda kwa kipeo cha pili, toa umbali kwa kipeo cha pili. Ukitumia miaka na miakanuru, kasi ya nuru ni 1 na huhitaji kuiandika. 5² − 4² = 25 − 16 = 9.

Mtazame msafiri. Kwake matukio yote mawili yametokea palepale alipokaa, mlangoni pa chombo chake, hivyo umbali kati yake ni sifuri. Muda kwake ni kipeuo cha pili cha 9, yaani miaka 3. Hiyo ndiyo miaka anayozeeka.

Mlete mtazamaji wa tatu anayekwenda upande uleule kwa 0.6 ya kasi ya nuru. Vipimo vyake vinatoa muda wa miaka 3.25 na umbali wa miakanuru 1.25. 10.5625 − 1.5625 = 9. Namba ileile.

Watazamaji watatu hawakubaliani kuhusu muda, hawakubaliani kuhusu umbali, lakini wote wanapata 9. Hiyo 9 ni mali ya matukio yenyewe. Muda na umbali ni jinsi kila mmoja anavyoigawa kulingana na mwendo wake. Albert Einstein alitoa nadharia maalumu ya uhusianifu mwaka 1905, na mwaka 1908 Hermann Minkowski akaonyesha kwamba umbo lake la asili ni hili: nafasi yenye pande tatu na wakati, vikiwa kitu kimoja. Kasi ya nuru hapo ni kigezo cha kubadilishia sekunde kuwa mita.

Zingatia alama ya kutoa. Katika pembetatu ya kawaida tungejumlisha. Alama hiyo ndiyo inayoufanya wakati usiwe upande wa nne unaofanana na mingine mitatu: unaweza kugeuka kushoto na kurudi kulia, lakini hakuna mwendo wowote chini ya kasi ya nuru unaoweza kugeuza kesho kuwa jana.

Kwa nini saa inayosafiri huhesabu muda mchache?

Kwa sababu kila mtazamaji anayekwenda kwa kasi isiyobadilika hupata kasi ileile ya nuru. Fikiria saa ya vioo viwili vinavyotazamana, mpigo wa nuru ukipanda na kushuka kati yake. Saa hiyo ikipita mbele yako kwa kasi, wewe unaona mpigo ukienda mshazari, njia ndefu zaidi. Kasi ya nuru haiongezeki kufidia, kwa hiyo kila pigo la saa linachukua muda mrefu zaidi kwako. Kanuni ya Pythagoras inakupa kiasi: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha (1 − v²/c²), v ikiwa kasi ya saa na c kasi ya nuru. Kwa 0.6 ya kasi ya nuru ni 1.25, kwa 0.8 ni 1.667, kwa 0.998 ni karibu 15.8.

Ushahidi unatunyeshea kila siku. Muoni ni chembe zinazozaliwa juu angani, kilomita 15 hivi, pale miale ya anga za mbali inapogonga hewa. Wastani wa uhai wa muoni iliyotulia ni mikrosekunde 2.2. Kwa kasi ya 0.998, uhai huo unatosha mita 660 tu. Kama saa zao zisingechelewa, ingefika chini muoni moja kati ya takriban bilioni 8. Saa zikichelewa mara 15.8, zinazofika ni karibu robo, tukipuuza nishati inayopotea njiani. Muoni zinafika chini kwa wingi, na vipimo vya Bruno Rossi na David Hall vilivyochapishwa mwaka 1941 vilionyesha kuchelewa huku waziwazi.

Na muoni mwenyewe anaona nini? Kwake saa haijachelewa.

Kwake umbali ndio uliopungua. Kilomita 15 zinakuwa takriban mita 950, na mikrosekunde 3.2 zinatosha kuzivuka. Msafiri wetu wa miaka 3 vilevile: kwake nyota iko miakanuru 2.4, na 2.4 gawanya kwa 0.8 ni 3. Muda wako unaporefuka, urefu wangu unafupika kwa kiwango hichohicho. Usichague kimoja ukasahau kingine, wala usivitumie vyote viwili ndani ya hesabu ya mtazamaji mmoja. Kosa la pili ni la wanafunzi wengi wazuri, na huleta kipimo kilichopunguzwa mara mbili.

Kati ya mapacha, kwa nini aliyebaki ndiye anayezeeka zaidi? Si kila mmoja anamwona mwenzake akisafiri?

Safari ya kwenda na kurudi kwa nyota ileile ni miaka 10 duniani na 6 kwenye chombo. Wawili hao hawalingani: aliyesafiri alipaswa kugeuza chombo, akapita kwenye hali mbili tofauti za mwendo, na kipima-mchapuko chake kilionyesha hivyo. Aliyebaki hakugeuka. Katika nafasi-wakati, njia iliyonyooka kati ya matukio mawili ndiyo yenye muda mrefu zaidi, kinyume cha njia za ardhini. Alama ya kutoa, tena.

"Wakati mmoja" una maana yoyote?

Una maana kwa mtazamaji mmoja. Taa mbili zilizo mbali kwa sekunde-nuru moja ziwake pamoja kwako. Anayepita kwa 0.6 ya kasi ya nuru, kwenye mstari unaoziunganisha, atapata kwamba moja ilitangulia kwa sekunde 0.75, hata baada ya kutoa muda wa nuru kumfikia. Kinachobaki bila kubishaniwa ni mpangilio wa sababu na matokeo. Kama nuru ingeweza kutoka tukio la kwanza na kuwahi la pili, hakuna mtazamaji atakayeyaona yamegeuzwa.

Mvutano unaingilia wapi?

Nadharia ya jumla ya Einstein ya mwaka 1915 inasema tungamo na nishati hupinda nafasi-wakati, na tunachokiita mvutano ni mwendo ndani ya mpindo huo. Matokeo ya moja kwa moja: saa iliyo chini huenda polepole kuliko iliyo juu. Karibu na uso wa Dunia, tofauti ni karibu sehemu 1.1 kati ya 10,000,000,000,000,000 kwa kila mita. Kwa mwaka mzima, mita moja ya kimo ni nanosekunde 3.4. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, waliipima tofauti hii kwa saa mbili zilizopishana kimo kwa sentimita 33 tu.

Jaribu ndege ya abiria: 250 m/s, kimo cha kilomita 10, saa 10 angani. Kasi inaichelewesha saa kwa takriban nanosekunde 12.5. Kimo kinaiwahisha kwa takriban 39. Inatua ikiwa mbele kwa nanosekunde 27 hivi. Hesabu hii imeacha mzunguko wa Dunia, ambao haupuuziki: Joseph Hafele na Richard Keating walipozungusha saa nne za seziamu kwa ndege za abiria mwaka 1971, safari ya mashariki ilipoteza nanosekunde 59 na ya magharibi ikapata 273.

GPS inahitaji haya yote kweli?

Inayahitaji. Setilaiti za GPS ziko kimo cha takriban km 20,200, kwa kasi ya karibu km 3.9 kwa sekunde. Mwendo unazichelewesha saa zake kwa mikrosekunde 7 kwa siku. Kimo kinaziwahisha kwa 45. Baki ni mikrosekunde 38 mbele kila siku, na nuru husafiri zaidi ya kilomita 11 katika muda huo. Ndiyo maana saa hizo hurekebishwa kabla ya kurushwa zitetemeke polepole kidogo: mitetemo milioni 10.22999999543 kwa sekunde (MHz) badala ya 10.23, ili zikiwa juu zionekane sawasawa kutoka chini.

Husemwa sana kwamba bila marekebisho ramani yako ingekosea kilomita 11 kwa siku. Hapo pana chumvi. Kilomita 11 ni kosa la umbali unaokokotolewa kwenda kwa kila setilaiti. Kipokezi hutumia setilaiti nne au zaidi kwa sababu kinatafuta mambo manne: pande tatu za mahali, na kosa la saa yake chenyewe, ambayo ni ya bei nafuu. Kosa linalolingana kwa setilaiti zote humezwa na hilo la nne. Lakini muda unaotangazwa ungeharibika, mahali pa setilaiti pangekokotolewa kwa saa isiyo sahihi, na zile ambazo njia yake si duara kamili zingetofautiana na wenzake. Usahihi wa mita chache usingedumu.

Kuna chochote kilichowahi kuipita nuru?

Hakuna kilichothibitishwa. Mwaka 2011 jaribio la OPERA lilitangaza kwamba neutrino (chembe nyepesi mno) kutoka CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya iliyoko Uswisi, zilifika maabara ya Gran Sasso, Italia, kilomita 730 mbali, nanosekunde 60 kabla ya wakati. Hiyo ni sawa na mita 18. Watafiti walikagua vifaa vyao, wakakuta waya wa nyuzi za kioo wa mfumo wa saa haukuwa umekazwa barabara. Baada ya kusahihisha, neutrino zikalingana na nuru ndani ya mipaka ya vipimo. Upimaji wowote wa kasi una pande mbili, umbali na saa, na hitilafu hujificha mara nyingi zaidi kwenye saa.

Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi-wakati yenyewe, nayo huenda kwa kasi ya nuru. Agosti 2017, mawimbi kutoka nyota mbili za nyutroni zilizogongana yalifika, na mwali wa gama ukafuata sekunde 1.7 baadaye, baada ya safari ya miaka takriban milioni 130.

Ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Inawezekanaje tuone vitu vilivyo miakanuru bilioni 46?

Kwa sababu nafasi ilikuwa ikitanuka nuru ikiwa njiani. Georges Lemaître mwaka 1927 na Edwin Hubble mwaka 1929 walionyesha kwamba galaksi hutuacha kwa kasi inayolingana na umbali wao. Kiwango cha leo ni takriban km 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kila miakanuru milioni 3.26. Vipimo vya ulimwengu mchanga vinatoa karibu 67 na vya galaksi za jirani karibu 73, na tofauti hiyo ya namba bado haijatatuliwa.

Kwa vitu vya mbali sana, basi, neno umbali peke yake halitoshi. Kuna umbali uliokuwapo nuru ilipoondoka, kuna muda wa safari ya nuru uliozidishwa kwa kasi yake, na kuna umbali wa leo. Mnururisho wa kale zaidi tunaoupokea uliondoka ulimwengu ukiwa na miaka 380,000 hivi, umesafiri karibu miaka bilioni 13.8, na sehemu ulikotoka sasa iko takriban miakanuru bilioni 46. Namba zote ni sahihi. Ukisoma kwamba galaksi iko "umbali wa miakanuru bilioni 13", mara nyingi aliyeandika anamaanisha muda wa safari ya nuru. Kabla ya kuitumia namba hiyo katika hesabu, tafuta kiwango cha wekundu wa nuru yake, yaani kiasi ambacho nuru hiyo imesogea kuelekea rangi nyekundu kwa kutanuka kwa nafasi, kwa sababu hicho ndicho kilichopimwa na umbali mwingine wote hukokotolewa kutoka hapo.